Sikukuu ya Mwalimu, maktaba ina kufuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu tarehe 14 Oktoba, na ambalo mke wangu amekwisha kuchoka kulisikia. Siku hiyo, ambayo taifa humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki dunia mwaka 1999, nilitoka nyumbani kwangu Miyuji baada ya chai, nikapanda bajaji hadi kwenye maktaba ya umma ninayoitumia hapa Dodoma, nikamalizie sura mbili za kitabu ambacho hakiruhusiwi kutoka nje ya chumba cha kusomea. Lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi, kijana mwenye adabu, aliniamkia, kisha akaniambia, "Mzee, leo sikukuu." Nikamuuliza sikukuu ya nani. Akanijibu, bila kuona ajabu yoyote, "Ya Baba wa Taifa." Ng'ambo ya barabara baa ilikuwa imekwisha kufunguliwa, saa nne ya asubuhi, na spika zake mbili zilikuwa zimetuelekea sisi wawili.

Mtu tuliyekuwa tukimwadhimisha siku ile alikuwa msomaji na mfasiri wa vitabu. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari ilichapishwa mwaka 1963, na ile ya Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969, naye wakati huo ni Rais wa nchi changa isiyo na walimu wa kutosha, madaktari wa kutosha wala barabara. Ningependa kujua ni nani kati ya waheshimiwa wetu wa leo anayejifungia chumbani usiku kutafuta neno la Kiswahili linalostahili kukaa mahali pa neno la kigeni. Sisi tunaoishi hapa tunawaona kila mwaka kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, nyumba za wageni zinapojaa na bei ya chakula inapopanda. Hugawiwa vitabu vya hotuba za wizara, ambavyo baadhi yao, nikitazama kwenye televisheni, huvitumia kuegemeza kiwiko.

Nilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mchana nilifundisha watoto, na jioni niliwafundisha wazazi wao katika darasa la kisomo, kwa mwanga wa karabai, wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye mashamba ya uwele na vumbi likiwa bado miguuni. Mama mmoja, siku alipoweza kuandika jina lake lote bila kuinua kalamu kwa mashaka, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Haya, mwalimu, nimekwisha kujua. Sasa nisome nini?" Nilimpa gazeti la juma lililopita, maana sikuwa na kingine. Mji huu, ambao chama cha TANU kiliuamua uwe makao makuu mwaka 1973 na ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, umejengwa ghorofa nyingi tangu siku zile, lakini mama yule angefufuka leo akaniuliza tena siku ya sikukuu, ningempeleka kwenye kufuli lile lile.

Wanasiasa wetu, hata hivyo, hawakosi cha kugawa. Wakati wa kampeni hupita na fulana, kofia, kanga na vitenge, na mimi mwenyewe nina fulana za kutosha kudekia nyumba hadi nitakapozikwa. Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na nadhani ilifanya vyema, ila sijapata kusikia mgombea yeyote, kabla ya hukumu ile wala baada yake, akituhumiwa kumhonga mpiga kura kwa kitabu.

Sizichukii sikukuu, ingawa wajukuu wangu husema hivyo. Tarehe 9 Desemba 2015, gwaride la Uhuru lilipofutwa na wananchi wakaagizwa kufanya usafi, nilishika ufagio nikafagia hadi kwa jirani, na naiona hadi leo kuwa ndiyo sikukuu iliyotumika vizuri kuliko zote nilizoziona uzeeni. Hata Nane Nane kule Nzuguni, pamoja na kelele zake, nilipata kijitabu kizuri cha ufugaji wa kuku nilichokisoma mara mbili, na sina kuku. Tarehe 7 Julai nayo, ambayo wazee tunaijua kwa kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 na vijana wanaijua kwa maonyesho ya biashara, tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku ya lugha, nayo huangukia kwenye mapumziko, kwa hiyo nyumba ya vitabu hufungwa.

Nimeambiwa kwamba wakutubi nao ni wafanyakazi na wana haki ya kupumzika. Ni kweli, na sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini wauguzi hufanya kazi siku hiyo, polisi hufanya kazi, na mhudumu wa ile baa alikuwa kazini kabla yangu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeweka malipo maradufu kwa anayefanya kazi siku ya sikukuu. Basi walipwe, au wapewe Jumatatu inayofuata wapumzike, siku ambayo wasomaji wengi wako makazini na watoto wako shuleni. Mfanyakazi wa kawaida ana siku chache mno katika mwaka ambazo angeweza kuketi saa nne mfululizo na kitabu, na ndizo siku hizo hizo tulizoamua kumfungia mlango.

Ninachoomba kwa wahusika ni jambo dogo: maktaba za umma zifunguliwe walau tarehe 14 Oktoba na tarehe 7 Julai, hata kama ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Sihitaji hotuba ya ufunguzi wala mgeni rasmi. Nimebakiza sura mbili.

Mwalimu Mstaafu,
Miyuji, Dodoma