Bibi aliyekwenda kulea arudishwe amelala

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wetu walioko ughaibuni, hasa wale waliomwita mama, au wanaojiandaa kumwita, akawasaidie kulea.

Sababu ya kutuita naielewa. Hapa Tanzania sheria inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akipata mapacha. Marekani, sheria yao ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, na hata hizo si kila mfanyakazi anazipata. Binti yangu alirudi kazini mtoto hajakaza shingo. Kwa hiyo bibi anaitwa. Anaogesha, anamkanda mzazi, anakoroga uji, anakesha na mtoto. Muda wake wa kukaa ukikaribia kwisha, anafungiwa masanduku na kupelekwa uwanja wa ndege. Ni huko kurudi ninakotaka kukusemea, maana watu wanahangaikia safari ya kwenda, kumbe kurudi ndiko kuzito. Kwenda una nguvu zako. Kurudi umechoka kwa miezi ya kukesha, na huku nyumbani ndugu wamejaa barazani wanakusubiri.

Wazazi wa umri wetu tukiwekwa kiti cha katikati, kule nyuma, hatunywi maji. Tukinywa itabidi twende chooni, na kwenda chooni ni kumwamsha mtu usiyemjua aliyejilalia. Basi tunanyamaza na kiu yetu, magoti yamebanwa, usiku kucha. Mimi nilikwenda hivyo. Nilipofika New York vifundo vya miguu vimevimba, viatu haviingii, binti yangu akanipokea nimevaa soksi tu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Wodini tulikuwa tunamwinua mzazi kitandani mapema atembee, kwa kuogopa damu isimgande kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Bonge hilo likichomoka na kwenda kwenye mapafu, linaua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: safari ya zaidi ya saa nne, mtu ameketi tu bila kujinyoosha, inaiongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama msafiri mmoja kati ya 6,000, lakini unene huipandisha, na wenzangu wengi niliosoma nao sasa ni wanene. Tena hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na nyepesi kama ya mlimani mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko Lushoto. Mwenye presha au moyo anaisikia.

Wakati wa kurudi, mkwe wangu, ambaye kazi yake ni ya kusafiri, alitoa pointi zake zote za ndege, zile anazolimbikiziwa msafiri wa mara kwa mara na kuzitumia kama fedha ya tiketi, akanikatia daraja la kwanza, safari ya usiku ya Emirates kutoka New York hadi Dubai, lile dege la A380 la ghorofa mbili. Huko juu, mbele, kuna nafasi za abiria 14 tu, kila mmoja na kijumba chake chenye mlango. Mhudumu mmoja, msichana wa Kenya, aliiona kanga yangu akasema, "Shikamoo mama, nikutandikie sasa au baada ya chakula?" Nikamwambia sasa, mwanangu. Akakilaza kiti kikawa kitanda, akatandaza godoro jembamba, akanipa nguo za kulalia na chupa ya maji. Nililala kwa ubavu, miguu nimeinyoosha yote. Nilipoamka nilikwenda bafuni, ambako kila abiria ana dakika tano za maji ya moto, nikatawadha bila kubanana, nikarudi nikaswali nimeketi kwa ajili ya magoti. Dubai nilishuka nimevaa viatu vyangu.

Bei ya tiketi hiyo ni maelfu ya dola, na najua vijana wengi huko wanalipa kodi ya nyumba kwa tabu. Simwambii mtu akope. Ila mwenye pointi asimwekee mama kiti cha nyuma huku yeye akizihifadhi kwa likizo yake. Asiye nazo amlipie mapema kiti cha pembeni, kwenye njia, ili asimwombe mtu ruhusa ya kusimama. Tena amlaze usiku mmoja Dubai, Doha au Addis Ababa badala ya kumuunganishia ndege mbili mfululizo. Kiti cha magurudumu hakina malipo, kinaombwa saa 48 kabla ya safari, na kina mama wengi hawakipati kwa sababu tu aliyekata tiketi hakukiomba. Na mwambieni kwa mdomo wenu, kabla hajaingia ndani: mama, kunywa maji, simama utembee, waamshe tu.

Na ninyi mawakala wa tiketi wa hapa kwetu, mtu akija kumkatia mama yake safari, mwulizeni umri na afya ya msafiri kabla hamjamtajia bei. Ilipokatwa yangu ya kwenda, hakuna aliyeuliza.

Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga