Theluji ya wiki moja na vipimo vya miaka 360

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa maoni, ile iliyodai kwamba Ulaya kupata joto ni "mzunguko tu wa dunia". Mwandishi alitukumbusha Mto Thames ulioganda zamani, akaleta picha ya ndugu yake amesimama kwenye theluji huko Birmingham, akamalizia kwa kutucheka tunaoishi huku Uingereza kuwa tunalialia kwa jua ambalo mtu wa Dodoma angelivulia shati akaendelea na shughuli zake. Niliisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikatafuta kalamu.

Mimi ni mstaafu. Kabla ya kumfuata binti yangu huku Worcestershire nilipima hali ya hewa katika kituo kimoja cha bara, Tanzania, kwa zaidi ya miaka 20. Saa tatu asubuhi nafungua kile kisanduku cheupe cha mbao chenye mbavu, nainama mpaka jicho liwe sawasawa na zebaki, nasoma sehemu ya kumi kwanza, kisha ndiyo nyuzi nzima. Tulifundishwa hivyo kwa sababu pumzi ya mpimaji yenyewe hupandisha zebaki. Ukichelewa, umejipima mwenyewe. Mtu aliyeifanya kazi hiyo hawezi kuona namba za hewa zikirushwarushwa ovyo akanyamaza.

Lipo jedwali moja ambalo mwandishi wenu angelitazama kwa dakika tano, asingeandika alivyoandika. Ni la wastani wa joto la Uingereza ya Kati, yaani eneo kama pembetatu kutoka Lancashire kule kaskazini hadi London na Bristol. Linaanza mwaka 1659, na duniani hakuna jedwali la vipimajoto lililoendelea muda mrefu kuliko hilo. Mwanajiografia Gordon Manley ndiye aliyelitengeneza. Mwaka 1953 alilitoa likianzia 1698, na mwaka 1974 akalirudisha nyuma hadi 1659. Alikusanya daftari za watu waliokuwa wanaandika tu kwa mapenzi yao. Thomas Barker wa kijiji cha Lyndon, Rutland, peke yake aliandika kwa takriban miaka 60 katika karne ya 18.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Vipimajoto vya mwanzo vilitundikwa ndani ya nyumba, katika chumba kisichowashwa moto. Kalenda nayo ilikuwa na mambo yake: Waingereza waliolala tarehe 2 Septemba 1752 waliamka tarehe 14, kwa hiyo tarehe zote za kabla ya hapo ilibidi zisogezwe ndipo Januari ya zamani ilingane na Januari ya leo. Kati ya 1707 na 1722 daftari za Uingereza zina mapengo, na Manley akaazima vipimo vya Utrecht, Uholanzi. Ndiyo maana miezi ya mwanzo kabisa imeandikwa kwa nyuzi nzima au nusu, bila desimali za kujidai. Nayataja makusudi, maana makala ile ilidokeza kwamba wataalamu wanaficha udhaifu wa vipimo. Udhaifu umeandikwa palepale kwenye jedwali, anayetaka asome.

Na yule atakayesema joto hilo ni la lami na matofali ya mijini, tangu 1974 joto la miji hukadiriwa na kutolewa kwenye hesabu. Vituo vinavyotumika sasa ni Rothamsted, Stonyhurst na Pershore. Pershore ni jirani yangu, nchi ya miti ya plamu, na mahali ambapo msongamano mkubwa wa magari ni trekta lililobeba masanduku ya matunda.

Tuje Thames. Ni kweli iliganda. Januari 1684 wastani wa mwezi mzima ulikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri, na watu walifungua vibanda vya biashara juu ya barafu katikati ya London. Mnada wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa mwaka 1814. Lakini mwandishi amesahau daraja. Daraja la zamani la London lilikuwa na matao membamba mengi yaliyoziba mkondo, maji yakawa kama yamefungiwa bwawani. Lilibomolewa mwaka 1831, mto ukapata mwendo. Januari 1963 wastani ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri, baridi ya kutisha, na bado mto pale katikati ya London haukuganda kama zamani. Barafu ya mto si kipimajoto.

Hata hivyo kuna hoja ambayo angeweza kunibana nayo, na namshangaa hakuitumia. Katika jedwali hilohilo, miaka ya 1690 ilikuwa na wastani wa nyuzi 8 hivi. Miaka ya 1730 ukakaribia 10. Ni mruko mkubwa, na gari hata moja lilikuwa halijatengenezwa. Sitapindisha maneno, hali ya hewa ya kanda moja inaweza kuyumba hivyo yenyewe. Sasa atazame mwaka uliofuata miaka hiyo ya neema. Mwaka 1740 wastani ulianguka hadi 6.8, mwaka wa baridi kuliko yote katika jedwali zima, na Ireland njaa ikafagia watu mwaka huo na uliofuata. Joto lile lilipanda na kushuka ndani ya umri wa mtu mmoja. La sasa halijashuka. Wastani wa 1961 hadi 1990 ulikuwa karibu nyuzi 9.5, wa 1991 hadi 2020 ni 10 na ushei, na safari hii haipandi Uingereza peke yake.

Theluji ya ndugu yake sina ugomvi nayo. Mwenye duka hapimi mwaka wake kwa mauzo ya Ijumaa moja. Desemba 2010 nilikuwa nimeshafika huku, na sitaisahau. Bomba la jikoni liliganda, binti yangu akalikanda kwa taulo la maji moto kama anayemkanda mzazi, mimi nimesimama nyuma yake na makoti mawili. Wastani wa mwezi ule ulikuwa chini ya sifuri, na mwaka wote ukaishia chini kidogo ya nyuzi 9. Tuliuita mwaka wa balaa. Baadaye nikaupeleka kwenye jedwali nione unakaa wapi, nikakuta kwamba mwishoni mwa karne ya 17 ule ungekuwa mwaka wa kawaida tu, na katika miaka ya 1690 watu wangeushukuru. Baridi tuliyoisimulia hadi leo, wao waliiita mwaka. Kuanzia 2014 hadi 2023 hakuna mwaka hata mmoja ulioshuka chini ya nyuzi 10, na 2022 ukawa wa kwanza kuvuka 11 tangu vipimo vianze.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Julai, Coningsby kule Lincolnshire palisomwa nyuzi 40.3. Kuhusu kulialia: nyumba za huku zimejengwa kufungia joto ndani, madirisha mengine hufunguka kiasi cha kupitisha mkono, na feni ziliisha madukani. Jirani yangu mzee alikaa sebuleni miguu ndani ya beseni la maji. Dodoma kuna kivuli, kuna baraza, na kuna akili ya kutotoka saa nane mchana.

Swali moja aliuliza vizuri, nalo nampa haki yake: kwa nini kila tukizungumzia joto namba ni za Ulaya? Kwa sababu daftari zao zilitunzwa, hata za mtu wa kijijini aliyekuwa hajui zitamfaa nani. Za kwetu zilikuwepo. Kituoni kwangu kulikuwa na madaftari makubwa yenye jalada gumu tangu kabla ya Uhuru, mwandiko wa wino, kila siku na mstari wake. Nilipopita kusalimia miaka kadhaa baada ya kustaafu, niliyakuta kwenye maboksi ya majani ya chai chini ya ngazi, mchwa wameshaanza kula pembeni. Niliambiwa yanasubiri gari la kuyapeleka makao makuu. Nilifungua moja, nikakuta mwandiko wangu.

Ofisi yenyewe siitaji, walionielewa wameelewa. Ila kama yupo msomaji aliyefanya kazi pale, au anayejua maboksi yale yaliishia wapi, naomba aliandikie gazeti hili. Kijana wa binti yangu yuko tayari kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, nauli yake nitatoa mimi.

Wako,
Mpima hali ya hewa mstaafu,
Worcestershire, Uingereza