Bandama kuvimba si malaria kila mara

Ndugu Mhariri,

Hapa Kigoma mtu akilalamikia uchovu na jasho la usiku, jibu ni moja: malaria. Jirani yangu, mwanika dagaa wa Kibirizi, alimeza dozi za mseto, dawa ya malaria, moja baada ya nyingine ingawa kipimo kilisoma hasi. Alikuwa amekonda, anashiba kwa matonge mawili matatu, na kushoto chini ya mbavu pamekuwa pagumu kama ubao. Ilikuwa bandama iliyovimba.

Saratani sugu ya damu aina ya CML, ile inayoanzia kwenye uboho wa mifupa na kuvimbisha bandama, huingia hivyo, polepole. Wengine hawasikii chochote kabisa. Lakini kipimo cha picha nzima ya damu, FBP, hutoa ishara mapema: chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima kwa kawaida hazizidi 11,000 hivi kwa mikrolita, zinaweza kupita 100,000. Na dawa ipo! Vidonge vya imatinibu vinatumika tangu 2001, na wengi wanaoviwahi huishi miaka mingi.

Inaniuma watu kufika hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, wamechelewa. Wahudumu wetu, malaria isipoonekana na mgonjwa hapati nafuu, mshikeni tumbo, mwandikieni FBP.

Msomaji,
Mwanga, Kigoma