Mwanangu, kila uchafu na dawa yake

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za chumba cha Makorora nimeziona. Kabla hujamaliza hela kwa machupa ya dawa za rangirangi, pita soko la Mgandini ununue magadi, ndimu, siki nyeupe na chumvi. Ukiongeza sabuni ya mche, umemaliza.

Kwanza utambue uchafu wenyewe. Mafuta yanataka magadi au majivu. Gamba la maji, kutu na shombo la samaki vinataka kitu kichachu: siki, ndimu, ukwaju. Ukikosea hapo utasugua mpaka mkono ufe ganzi. Wala usichanganye magadi na siki ukidhani nguvu itaongezeka. Povu lile linafurahisha macho tu. Vimeshauana, na kilichobaki ni karibu sawa na maji ya chumvi.

Ukuta wa jikoni wenye mafuta: kijiko 1 cha chakula cha magadi kwa lita 1 ya maji ya moto. Magadi ya sokoni yana mchanga, kwa hiyo koroga, acha yatulie, kisha yamimine polepole kupitia kitambaa. Ukifanya uvivu hapo, mchanga utakwaruza rangi na utasema magadi mabaya. Pakaza, ngoja dakika 10, futa, suuza. Vaa glavu, yanakausha ngozi.

Magadi hayohayo usiyasogeze kwenye sufuria ya alumini. Yanaila na kuitia weusi. Weusi wa ndani unatoka kwa kuchemsha ukwaju au maganda ya ndimu kwa dakika 15 hivi. Masizi ya nje sugua kwa majivu laini yaliyochungwa, na usuuze upesi, maana majivu nayo ni ndugu yake magadi. Siku ukipikia kuni, paka sabuni ya mche nje ya sufuria kabla ya kubandika. Masizi yatatoka na sabuni yake.

Birika lenye gamba jeupe ni kazi ya maji ya kisima, yanayopita kwenye mawe ya chokaa. Tia siki nusu na maji nusu mpaka gamba lizame, chemsha, epua, acha saa moja. Gamba nene litataka kurudiwa. Usilichokonoe kwa kisu. Halafu chemsha maji matupu mara mbili uyamwage, la sivyo chai itanuka achari.

Ubao wa samaki uoshe kwa maji ya baridi kwanza. Ya moto yanaupika ule utelezi ukagandia kwenye mikwaruzo ya kisu. Kisha chumvi, nusu ndimu, sugua, suuza, anika wima. Kisu chenye kutu kifanyie vivyo hivyo, ila ukikaushe na kukipaka mafuta ya kupikia palepale. Chumvi ikibaki, kutu inarudi kesho.

Sakafu ya simenti usiitie siki wala ndimu, inalika na kuwa chakavu. Ukuta wa chokaa vilevile. Masika ukiota ukungu, jifunge kitambaa puani, fungua madirisha, upanguse, uuache ukauke kabisa, kisha upake chokaa mpya: ukungu hauipendi. Siki ya ukungu ni ya ukuta wa rangi ya mafuta. Na kabati lisogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja, hewa ipite.

Vioo vya madirisha vina chumvi ya upepo wa bahari. Vimwagie maji matupu kwanza, ndipo upake vijiko 2 vya siki katika nusu lita ya maji, umalizie na gazeti kavu.

Chooni ukitumia Jik, ile dawa ya klorini, siki na ndimu zikae mbali, hata kwa siku hiyo moja. Vikikutana vinatoa hewa inayochoma mapafu, na choo chako hakina dirisha.

Mama yako