Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, na habari ya ule mti wa pipal

Jai Shri Krishna wanachama wenzangu wa jumuiya yetu ya Kihindu, na shikamooni wazee wangu.

Ya kawaida nayapitia haraka maana mnayajua. Navratri, ile sherehe yetu ya ibada, tulifanya siku zote tisa, Diwali tulifanya, chakula cha wagonjwa tumepeleka mara nne, jenereta limetengenezwa. Kwenye daftari tuko 84, waliolipa ada ni 31 tu, yaani milioni 1 laki 8 na elfu 60, michango ya sherehe ilikuwa milioni 4 na ushee. Risiti zote anazo mhazini, anayetaka aende akaone.

Sasa nije kwenye mti wetu mtakatifu wa pipal, ule ulioko kwenye ukuta wa barabarani.

Nimeyasoma mwenyewe kwenye grupu, eti mwenyekiti kaamua peke yake, eti hela ya rangi ya ukumbi kaifukia kwenye mizizi. Ukuta wa barabarani ulipasuka, sikatai, mzizi ulipita chini yake na ule ufa ulikuwa unaingiza mkono mzima. Wengi mkasema mti ukatwe tupate na paking ya gari sita. Nikaitisha mkutano mwezi wa pili wakaja watu 17, nikaitisha tena mwezi wa tatu wakaja 11, na akidi yetu ni 28. Huku nyuma fundi wa msumeno kashapewa advansi na mwenzetu mmoja ambaye simtaji, mlinzi ndio akanipigia simu. Nilitakiwa nisubiri nini? Tukakaa kamati watu watano, tukaamua ukuta uvunjwe mita 8 ujengwe upya uuzunguke mti. Imekula milioni 2 na laki 7, na humo laki 4 zimetoka mfukoni kwangu, sizidai, nataka tu ijulikane.

Sikufanya ukaidi. Kitabu chetu kitakatifu cha Gita, sura ya 10 aya ya 26, Mungu wetu Krishna anasema katika miti yote yeye ni ashvattha, na ashvattha ndio huyohuyo pipal. Sasa ndani tunamwimbia aarti, wimbo wa ibada ya taa, halafu nje tunamletea msumeno? Na Matsya Purana, kitabu chetu kingine cha kale, inasema visima kumi ni sawa na bwawa moja, mabwawa kumi ziwa moja, maziwa kumi mtoto mmoja wa kiume, na watoto kumi ndio sawa na mti mmoja. Sisi watu wa biashara, pigeni hesabu wenyewe, mti mmoja ni visima elfu kumi. Mtu akichimba kisima kimoja kijijini tunamwekea jina ukutani.

Jumamosi kabla ya ule mkutano wa pili nilifika alfajiri nikamkuta bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, anazunguka shina polepole na lota yake, kale kachombo ka ibada, ya maji yenye maziwa kidogo, mkono mwingine kaegemea ukuta hapohapo penye ufa, na uzi mwekundu wa ibada wa mwaka juzi bado upo kwenye gome umepauka umekuwa kama pinki. Akaniuliza, beta, yaani mwanangu, ni kweli mnaukata? Nilikosa jibu, na hilo swali ndilo nililoingia nalo kwenye kamati.

Wanaosema mti ni mti tu wakumbuke kijiji cha Khejarli, karibu na Jodhpur huko India, mwaka 1730. Watu wa mfalme Abhai Singh walikuja kukata miti ya khejri wapate kuni za kuchomea chokaa ya jumba lake. Amrita Devi, mama wa Kibishnoi, watu ambao dini yao inakataza kukata mti mbichi, akaukumbatia mti akasema kichwa kukatwa ni rahisi kuliko mti kukatwa. Wakamuua yeye na binti zake watatu, na mpaka inaisha wamekufa watu 363. Watu wametoa vichwa, sisi tumeshindwa kutoa Jumapili moja ya masaa mawili tuje mkutanoni, na hili linaniuma kuliko maneno ya kwenye grupu.

Varaha Purana nayo inawataja kwa hesabu watakaoepushwa na moto, aliyepanda pipal mmoja, mwarobaini mmoja, miembe mitano na mingine kadhaa. Miembe na miarobaini ipo kwenye nyua zenu nyingi hapa Tanga, asili yake ni hukohuko Bara Hindi, kwahiyo thawabu mmeshaianza bila kujua, msiikate.

Mwakani natamani tuwe na panchavati kamili, ile miti mitano mitakatifu, pipal, bel, vad, amla na ashoka, tukipata eneo na ada zikilipwa. Hiyo rangi ya ukumbi nayo tutaangalia.

Kwa sasa miche 40 ya mwarobaini iko kwenye viroba nyuma ya jiko, mlinzi ndio anaimwagilia. Jumapili ya kwanza masika ikianza, saa moja asubuhi, naomba wapatikane hata watu ishirini wa kuchimba mashimo. Majembe tunayo matatu tu, mwenye lake aje nalo.

Mwenyekiti wenu