Gari linatetemeka? Tuambie linatetemeka lini

Wateja wengi wakifika gereji hutuambia neno moja tu: gari linatetemeka. Gurudumu lisilo na balansi (uzito wake haulingani pande zote), plagi iliyochoka na maunti ya injini (mpira unaoishikilia injini) iliyokatika vyote huingia humo humo. Ukali wa mtetemo hautusaidii sana. Tunachotaka kujua ni unaanza lini na unakoma lini.

Chukua barabara kuu. Gari limetulia hadi mshale ukaribie 80, usukani unaanza kutetemeka mikononi, ukipita 110 unatulia tena. Hapo tunashuku balansi kwanza. Usukani ukitetemeka tunaanza na magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka huku usukani umetulia, tunaenda nyuma. Kabla ya kuwasha mashine ya balansi tunalifungua gurudumu na kuchungulia upande wa ndani wa rimu. Bonge la tope lililokauka pale linatosha kukusumbua safari nzima, na dawa yake ni bisibisi na maji. Tukikuta tairi limevimba ubavuni, balansi haina kazi tena: nyuzi za ndani zimekatika, tairi libadilishwe siku hiyohiyo. Na kama gurudumu lilifunguliwa juzi na leo gari linayumba, usisubiri kutufikia. Simama, kagua nati.

Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu kwa kawaida ni disk za breki ambazo unene wake haulingani tena. (Pedeli kupigapiga mguu unapofunga breki za ghafla kwenye utelezi ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ikifanya kazi yake, iache.) Mtetemo ukija ukikanyaga mafuta na kukoma ukiachia, tunakagua sivii jointi ya ndani (kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu); ile ya nje hulia ka-ka-ka usukani ukikatwa hadi mwisho. Gari la otomatiki likitetemeka limesimama kwenye D na kutulia kwenye N, tunaangalia maunti.

Kushtukashtuka ni habari nyingine. Unapanda kilima, gari linavuta, linakatika, linavuta tena. Mafundi tunasema linamisi: kuna silinda haichomi mafuta inavyotakiwa. Inaweza kuwa plagi, koili (inayoipa plagi umeme), nozo (inayopuliza mafuta), filta ya mafuta au pampu iliyochoka. Tunachomeka kompyuta. Ikitoa kodi ya hitilafu P0301, ni silinda namba 1. Bado hatujui kosa ni la nini, basi tunahamisha koili ya namba 1 kwenda namba 3 na kuendesha tena. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili ni nzima na tunasogea kwenye plagi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, ndiyo maana tunaumia mteja akija na koili nne mpya mkononi kwa sababu jirani alimwambia. Ila taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usilikanyage gari. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi), na kifaa hicho ni ghali kuliko koili.

Kwenye kugonga, shokapu husingiziwa sana. Mlio wa ko-ko kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulalia upande) au bushi, yaani mipira ya viungo, zilizokwisha. Boli jointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, tunaikagua kila tunapolinyanyua gari, kwa kuwa ikichomoka gurudumu linalala.

Kugonga kwa ndani ya injini tunakuchukulia kwa uzito wake. Mlio mwepesi kama kokoto kwenye kopo, unaposukuma gari kwa gia kubwa, unaweza kutokana na petroli yenye oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) ndogo kuliko injini inavyotaka. Mlio mzito unaopanda na mzunguko wa injini ndio wa kuogopa. Zima, chomoa stiki ya oili uangalie. Hata ukiongeza oili na mlio ukapungua, usiwashe tena: huenda beringi za koneksheni rodi (zinazounganisha pistoni na kranki) zimeshaanza kuliwa, na kila dakika ya kuendesha inakula kranki, shafti kuu ya injini. Gari kama hilo lije kwa kuvutwa.

Kuna milio inayosikika asubuhi tu, injini ikiwa baridi, na kupotea ikipata moto. Ukituletea gari mchana hatutaisikia. Liache lilale kwetu, tuliwashe wenyewe alfajiri.