Msitungoje mpaka seva izime

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niisemee kazi yetu sisi mainjinia wa miundombinu ya IT, maana hapa Mombasa watu wengi wanatujua kama kijana wa kompyuta, yule wa kuitwa printa ikikataa. Sioni aibu kutengeneza printa, lakini siyo kazi niliyoandikiwa. Yetu ni ile msiyoiona, yaani seva (kompyuta kubwa inayoweka mafaili ya ofisi nzima), swichi za kuunganisha kompyuta, fiba ya intaneti inayoingia jengoni, umeme wa akiba, nani ana ruhusa ya kuingia wapi, na zaidi ya yote kujua siku hivyo vyote vikianguka mtainuka na nini.

Mwaka jana niliitwa na ofisi moja ya klearing, wale wa kutoa mizigo bandarini, huku mjini, Jumatatu asubuhi. Stima zilikuwa zimepotea tangu Ijumaa jioni, na UPS, lile sanduku la betri la kushikilia mashine stima zikipotea, ilikuwepo, taa yake yawaka vizuri tu siku zote, kumbe ndani betri zimevimba kama mkate, maana zilikaa miaka sita kwenye kijichumba cha chini ya ngazi bila kiyoyozi, pamoja na mafagio na ndoo, na betri zile kwa kawaida ni za miaka mitatu mpaka mitano hivi, joto letu la pwani lazimaliza mapema zaidi. Seva ikazima ghafla inaandika, databesi ikaharibika. Nikauliza bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, iko wapi. Dada wa uhasibu akanionyesha skrini, kila usiku alama ya kijani, imefanikiwa, miezi na miezi. Nikafungua folda. Hakuna kitu. Kuna mtu alihamisha mafaili ya ofisi akayapeleka diski nyengine na programu ya bakapu haikubadilishwa, basi kila usiku ikawa yanakili folda tupu. Yule dada alikaa chini hakusema neno. Tulichopata ni diski ndogo kwenye droo yake, ya miezi minane nyuma, na yaliyobaki yakaingizwa kwa mkono kutoka kwa karatasi, watu wanne, siku tisa, na huku makontena ya wateja yako bandarini yahesabiwa storeji.

Sasa hapo ndo nataka wakubwa wa maofisi wanisikize. Kuwa na bakapu haitoshi, lazima mtu akae airejeshe kwenye mashine nyengine aone kama yafunguka. Sisi tuna kanuni twaiita 3-2-1, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo kabisa, hiyo kila mtu wa IT aijua. Kinachotushinda ni muda. Nikiomba Jumamosi moja kila miezi mitatu nijaribu kurejesha, naulizwa kwani nini kimeharibika?

Intaneti pia ni hivyo hivyo. Mji wetu ndo mlango, kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa 2009, EASSy ikaanza kazi 2010, na nchi jirani zisizo na bahari zapitia kwetu. Lakini Februari 2012 meli ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ikakata TEAMS, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kule karibu na Afrika Kusini, intaneti ikawa yatambaa Kenya, Uganda, Tanzania. Kwa hiyo injinia anayejua kazi yake hakuulizi tu kama una laini mbili, atakuuliza kila moja yatokea kebo gani na kutoka barabarani mpaka jengoni yapita wapi. Nimeona hoteli yalipa kampuni mbili kila mwezi na fiba zote mbili ziko kwenye bomba moja, wakaja wachimbaji wa mtaro, mchana mmoja zikaenda zote.

Vijana waniulizao wasome nini nawaambia Linux inayoendesha seva nyingi, anwani za IP ambazo ni namba za mashine kwenye mtandao, DNS inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba hizo, kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja, klaudi pia, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, lakini wajifunze na umeme na waya kwa mikono yao. Hapa kwetu hewa ya chumvi yala viunganishi vya shaba vikawa na kutu ya kijani, na laini ikiwa yaja na kupotea unaweza kukesha kwenye programu na tatizo liko kwenye ncha ya waya. Halafu waandike. Kila waya na lebo yake, kila badiliko na tarehe. Lile folda lingepatikana tupu wiki ya kwanza kama aliyehamisha angeandika mstari mmoja.

Mahali nifanyapo kazi sasa bosi alikubali. Jumamosi iliyopita tulizima seva kubwa kusudi, tukarejesha kila kitu kutoka kwa nakala ya nje, tulikuwa tumemwambia itachukua dakika arobaini, ikachukua saa mbili na dakika kumi, kwa sababu paswedi moja alikuwa nayo mwenzetu aliye likizo Lamu na simu yake haishiki. Bosi alisimama na sisi mpaka mwisho. Ile paswedi sasa iko kwenye bahasha ndani ya sefu, na Novemba twazima tena.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa